Kikaushio cha Pareto kule Molo

Vijana wangu, nitaanza kwa kujisifu, maana nimestaafu na hakuna wa kunikataza. Ukitoka Njoro ukapanda hadi Mau Narok, ukazunguka Elburgon na Molo, utakuta mashine za kupukuchua mahindi, za kupepeta ngano, za kuosha karoti. Nyingi kati ya hizo zilianza maisha yao juu ya meza yangu, kwa penseli. Hazina jina langu. Mkulima anayeziwasha asubuhi hanijui wala hana haja ya kunijua. Anajua tu kwamba akibonyeza, inanguruma. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa. Mashine mbaya ndiyo inayomfanya mtu amtafute aliyeichora.

Nilikuwa mhandisi wa mitambo. Miaka yangu ya mwisho kazini niliongoza ubunifu katika karakana moja ndogo ya eneo la viwanda, Nakuru. Watu wakisikia "mkuu wa ubunifu" hudhani ni mtu wa kuketi. Mimi nilisimama. Nilisimama karibu na mashine ya kukunja bati, nilisimama shambani matope yakiniingia ndani ya viatu, nilisimama mbele ya wateja waliotaka kitu ambacho hawakuwa na jina lake. "Nataka mashini ifanye hivi," mzee mmoja wa Subukia aliniambia, akizungusha mikono miwili hewani kama anayekoroga ugali wa watu mia. Nilimchorea. Ilikuwa ya kuchanganya chakula cha ng'ombe, na mpaka leo inakoroga.

Chepkoech, ambaye sasa ndiye anakalia kiti changu, au tuseme ndiye anasimama niliposimama, ameniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza. Alitaka niandike kuhusu kanuni. Nikamwambia kanuni ziko vitabuni. Mimi nitawaandikia kuhusu makosa yangu, maana hayo hayapatikani kwa kitabu chochote.

Siku hizi mnachora kwa kompyuta, na mimi naipenda. Mashine nzima inaning'inia kwenye kioo kama sayari, unaizungusha kwa kidole, unaingia ndani yake, unatokea upande wa pili. Sisi tulichora kwa wino kwenye karatasi pana, na ukikosea mstari uliukwangua kwa wembe polepole, ukishika pumzi, usije ukatoboa kazi ya wiki mbili. Lakini kompyuta ina ugonjwa mmoja: haikatai. Ukiiambia boliti ikae mahali ambapo hakuna mkono wa binadamu utakaofika, inaiweka hapo na kuipaka rangi nzuri.

Karatasi nayo haikukataa. Mwaka wangu wa kwanza nilichora mashine ya kupukuchua mahindi, nikaona nimemaliza dunia. Nilikuwa binti wa dereva wa kombaini kutoka mashamba ya ngano ya Njoro, mwanamke wa pekee katika chumba cha michoro, na niliichora kazi ile kama mtu anayejibu matusi ambayo bado hajatukanwa. Ikapelekwa kwa mafundi. Baada ya siku tatu nikaitwa.

Aliyeniita alikuwa Mzee Athumani, kiongozi wa mafundi. Alizaliwa Bondeni hapa hapa Nakuru, lakini babake alitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi huku chetu kikiwa na mikunjo. Alikuwa na kofia nyeupe ambayo sijui aliifanyaje isishike grisi.

"Binti, mchoro huu umechora wewe?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Hongera. Basi chukua spana hii, unifungie boliti ile."

Boliti yenyewe ilikuwa nyuma ya ngoma ya mashine, kati ya mguu na bati la ubavuni. Nilipiga magoti. Mkono uliingia. Spana iliingia. Vyote viwili pamoja vikakataa. Nilijaribu kulia, nikajaribu kushoto, nikalala chali chini kama fundi wa matatu, mafundi wote wakiwa wamesimama wakinitazama kwa heshima mbaya kabisa. Nilipotoka, vifundo vya vidole vilikuwa havina ngozi.

"Labda," Mzee Athumani alisema, "utuazime mtoto mchanga mwenye nguvu za fahali. Mkono wake utapita."

Karakana ilicheka mpaka mtu akazima mashine ili acheke vizuri. Kisha Mzee akakata dirisha dogo kwenye bati, akafunga boliti mwenyewe, akanirudishia mchoro. "Chuma hakisomi shahada, binti. Njoo hapa kabla hujamaliza kuchora, usije ukishamaliza."

Ndipo nikafundishwa desturi ya pale, ambayo iliitwa chai ya mchoro. Kabla bati halijakatwa, aliyechora alipika chai yeye mwenyewe. Alimwita fundi atakayejenga, akamwita na mtu atakayeitumia mashine, hata kama anatoka mbali. Alitandaza mchoro juu ya meza ya kazi, akamimina chai, halafu akafunga mdomo. Sheria ilikuwa hiyo: aliyechora haongei mpaka vikombe vyote viishe. Wengine wanauliza, wanabishana, wanacheka, wanaweka kidole chenye masizi juu ya mstari wako wa wino, na wewe unatazama tu. Ukiruhusiwa kuongea mapema unaanza kutetea, na mtu anayetetea hasikii.

Mzee Athumani aliijua sheria hiyo vizuri mno. Alikuwa akibakiza chai kiasi cha kidole kimoja chini ya kikombe, akaishikilia hivyo nusu saa, akinitazama ninavyovimba.

Chai hiyo iliniokoa mara nyingi. Mara moja mkulima mmoja aliinama juu ya mchoro wa mashine ya kupepeta, akauliza, "Na hii mguu yake itasimama wapi? Kwangu hakuna mahali iko sawa, ni mteremko tu." Hakuna mmoja wetu aliyekuwa amefikiria jambo hilo. Tulikuwa tumechora mashine ya nchi tambarare na kutaka kuipeleka kwenye kilima. Tukaipa miguu inayorefuka na kufupika, na baadaye kila mteja akaitaka hivyo.

Sasa niwaambie siku niliyoiruka chai hiyo.

Nilikuwa nimefanywa mkuu karibuni. Kikundi cha akina mama wa Molo kilikuja kutaka kikaushio cha pareto. Kwa wale waliokulia mjini: pareto ni maua meupe yenye moyo wa njano, na ndani yake mna dawa ya kuua wadudu. Ua lenyewe ni jeuri. Ukilikausha polepole linaoza. Ukilikausha kwa moto mkali linakauka vizuri sana, linapendeza, na nguvu ya dawa imekwenda. Akina mama wale walikuwa wakianika juu ya magunia, na Molo msimu wa mvua jua ni mgeni. Linabisha hodi na kuondoka kabla hujaliwekea kiti.

Kikundi kiliongozwa na Mama Njoki, mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Walikuwa wamepata mnunuzi aliyekubali kuchukua maua yao kila msimu, kwa sharti moja: angekuja kuchukua sampuli, aipeleke kupimwa, na ikiwa dhaifu angetafuta wakulima wengine. Kwa ajili ya ahadi hiyo walikuwa wameng'oa viazi wakapanda pareto. Mashamba yao yote yalikuwa meupe. Kila kitu sasa kilingoja mashine yangu.

Niliichora kwa siku tisa. Jiko la kuni chini, mabomba ya kupasha hewa, feni ya kuisukuma hewa ile ipande kupitia trei za wavu, safu nane, moja juu ya nyingine. Feni niliichagua kutoka kwenye kitabu cha watengenezaji, nikapiga hesabu mara mbili. Ilikuwa nzuri. Nasema kweli, hata leo nikiutazama mchoro ule naona uzuri wake.

Chepkoech alikuwa ndiyo kwanza atoke chuo kikuu Njoro, mwembamba, mwenye daftari lisilomtoka mkononi. Akaniuliza, "Madam, chai ya mchoro tunafanya lini? Nimpigie Mama Njoki?"

"Mvua iko karibu," nikamwambia. "Chai tutakunywa mashine ikishawaka."

Aliandika hilo kwenye daftari. Najua kwa sababu baadaye alinionyesha.

Tuliijaribu Nakuru, kwenye uwanja wa karakana, kwa majani mabichi. Yakakauka. Nilipiga picha. Ikapandishwa lori ikaenda Molo, nasi tukarudi kwenye kazi nyingine. Baada ya wiki moja simu ikalia.

"Injinia," sauti ya Mama Njoki ilisema, na mara hiyo haikuwa ya kuitia ng'ombe. "Hebu ukuje uone."

Tulikwenda watatu: mimi, Chepkoech, na Mzee Athumani, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumsumbua lakini alikataa kubaki. Kibanda cha kikaushio kilikuwa kimezungukwa na akina mama, wote wakiwa wamevaa gambuti. Nilivuta trei ya juu. Maua yalikuwa yamelowa, mengine yameanza kuwa meusi. Nikavuta ya chini. Yalikuwa ya hudhurungi, makavu, yananukia kama mkate ulioungua. Nilichungulia jikoni nikaona jivu limejaa mpaka mlangoni.

Nikaona nimepata jibu. "Mmeongeza kuni," nikasema.

"Tuliongeza," Mama Njoki akajibu. "Kwa sababu hii ya juu ilikuwa inakataa kukauka."

"Niliwaandikia kiasi cha kuni. Niliwachorea hata picha. Mashine haina shida. Mmeunguza maua yenu wenyewe."

Niliyasema hayo mbele ya watu wote, kwa sauti ya mwalimu wa zamu. Mwanamke mmoja mrefu, jina lake Nyambura, aligeuka tu akaondoka. Nilipouliza anakwenda wapi, nikaambiwa anaenda kuendelea kung'oa. Alikuwa ameanza siku iliyotangulia. Robo ya shamba lake ilikuwa imerudi kuwa ya viazi. Mnunuzi angekuja kuchukua sampuli baada ya siku sita, na akina mama wengine walikuwa wakimtazama Nyambura waone kama wamfuate.

Mzee Athumani alikuwa bado kwenye kikaushio. Alikuwa ameweka kiganja chake juu ya trei ya juu, feni ikizunguka, kama mtu anayempima mtoto homa. "Upepo hapa ni mchovu," alisema tu.

Ukifika nyumba ya watu Molo huondoki bila kula, hata kama umewatukana. Mama Njoki alituingiza jikoni kwake. Sufuria ilikuwa motoni tangu asubuhi.

"Mtangoja kidogo," alisema, akigonga mwiko. "Hii maharagwe ya huku ni ngumu kama mkwe. Nikienda kwa msichana wangu huko Mai Mahiu, mbegu ni ile ile, nilibeba mimi mwenyewe, lakini inaiva kabla tumalize kugombana. Hapa unapika mpaka unasahau ni nini ulikuwa unapika."

Nilikuwa nimeshika kijiko. Nakumbuka kijiko hicho, kilikuwa na mpini uliopinda. Nilikitazama, nikamtazama Chepkoech, naye alikuwa tayari ananitazama, mdomo wazi, daftari limeanguka miguuni.

Mai Mahiu iko chini ya mteremko mkubwa. Molo iko juu, karibu na mawingu. Kule juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji sana, kwa hiyo yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, na maharagwe yanaogelea humo siku nzima bila kujali. Nililijua hilo. Nililisoma, nikalifanyia mtihani, nikapasi. Nililelewa Njoro na mama aliyelalamikia maharagwe kila Jumamosi! Na bado nilikuwa nimechukua kitabu cha feni nikakiamini kama Maandiko.

"Madam," Chepkoech alisema polepole, "zile namba za kitabu..."

"Ni za hewa ya usawa wa bahari," nikamaliza.

Mzee Athumani aliweka sahani chini. "Ya kwetu," akasema. "Yaani mmepandisha Molo feni ya kupepea Mombasa."

Hebu niwaeleze vizuri, maana hili ndilo mtakalolikosea na nyinyi msipoangalia. Feni hubeba hewa kama mwanamke anavyobeba viazi kwa kikapu. Kila mzunguko ni kikapu kimoja. Pale Molo kikapu kilikuwa kilekile, mizunguko ileile, lakini ndani yake viazi vilipungua kwa karibu robo. Hewa kidogo ilipita mabombani, ikapata moto mwingi kupita kiasi, ikaunguza trei za chini. Na ilipofika juu ilikuwa imeshiba maji, haiwezi kubeba zaidi. Akina mama waliona juu hapakauki, wakaongeza kuni, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Nakuru mashine ilipita kwa sababu Nakuru iko chini kuliko Molo, na kwa sababu majani si maua. Na kama ningemwita Mama Njoki kwenye chai, huku mdomo wangu umefungwa, nani anajua angesema nini kuhusu jiko lake.

Kutambua kosa kulinichukua kijiko kimoja. Kulisema kulikuwa na uzito mwingine. Nilikuwa na njia ya kutokea: ningeweza kusema tunaenda "kuboresha" feni, nikaipeleka, nikairudisha, na lawama ikabaki kwenye kuni zao. Hakuna ambaye angejua ila watu wawili, na wote wawili walikuwa chini yangu. Nilitoka nje. Niliomba Nyambura aitwe. Akaja na jembe begani, hakulitua.

"Kosa si la moto wenu," nikasema. "Ni langu. Feni niliyowaletea ni ndogo kwa hewa ya huku juu. Nilipaswa kujua, na nilipaswa kuwauliza kabla sijakata bati hata moja."

Kuku wakapita.

"Kwa hivyo sisi hatukuunguza?" Mama Njoki akauliza.

"Mliunguza kwa sababu mashine yangu iliwalazimisha."

"Hebu sema hiyo tena. Nyambura yuko nyuma, hajasikia vizuri."

"Nimesikia," Nyambura akasema.

"Hujasikia. Injinia, rudia."

Nikarudia, kwa sauti. Wakacheka, kwanza mmoja, kisha wote, kicheko cha watu waliokuwa wameshikilia kitu kizito wakakitua. Nyambura alitua jembe. Lakini hakusema ataacha kung'oa. Alisema, "Siku tano, Injinia. Sitangoja ya sita."

Tuliifungua feni tukashuka nayo Nakuru siku hiyohiyo. Sasa sikilizeni kazi ilivyofanyika, maana hapa ndipo ninapoona fahari.

Wa kwanza kuongea alikuwa Chepkoech. Wengi wangekimbilia kuongeza mwendo wa feni, na mota ingezidiwa ikaungua. Yeye alipiga hesabu akasema: tusiizungushe kwa kasi, tuipanue. Tujenge gurudumu jipya la mapanga ya feni, mwendo uleule lakini pana zaidi kwa theluthi, libebe hewa nyingi zaidi kwa kila mzunguko. Na mota? Hapo ndipo alipotabasamu, akasema: Hewa ile ni nyepesi, Madam, haichoshi kuisukuma. Mota ileile itatosha. Hewa iliyotuangusha ndiyo ingetuinua! Nikaongeza la kwangu: tuondoe safu mbili za trei, zibaki sita, ili hewa isipigane na maua njia nzima. Akina mama wangekausha kidogo kidogo, lakini wangekausha.

Mzee Athumani alilikata gurudumu lile mwenyewe. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, kwa hiyo alipima kwa kidole gumba, kisha akamwambia Chepkoech apime kwa rula, na tofauti yao ilikuwa unene wa karatasi. Gurudumu likiwa pana hivyo, upande mmoja ukizidi uzito hata kidogo, litatikisika mpaka liharibu beringi zake. Karakana yetu haikuwa na mashine ya kusawazisha. Tulifanya hivi, na nyinyi mjue: tulisimamisha vyuma viwili vyenye makali, tukavilinganisha kwa pima-maji, tukaweka ekseli ya gurudumu juu yake na kuliachilia. Upande mzito unashuka chini wenyewe, taratibu, kama mtu anayesinzia. Unaweka alama ya chaki. Unaenda upande wa juu, unadondoshea tone la chuma kwa kuchomelea. Unaachilia tena. Unadondoshea tena. Siku nzima.

"Mzee, hapo imetosha," nikamwambia jioni ya siku ya tatu.

"Mkuu, wewe ulisema imetosha mara moja," akanijibu. "Tukaona."

Aliendelea mpaka gurudumu likawa linakaa popote unapoliacha, halitaki kushuka upande wowote. Ndipo alipovua miwani.

Siku ya tano asubuhi tulikuwa Molo, mvua ikinyesha, gari likiteleza kama sabuni. Tulifunga feni. Mama Njoki akawasha moto, kwa kiasi cha kuni nilichowaandikia, akinitazama kila kipande alichoingiza. Mzee Athumani aliweka kiganja chake juu ya trei ya juu. Sote tukamtazama. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliipenda hadhira, yule mzee.

"Huu sasa ni upepo," akasema.

Maua yaliyochumwa alfajiri yalikauka. Ua la pareto likikauka sawasawa, ukilifinya moyo wake linavunjika kwa mlio mdogo. Mama Njoki alifinya moja la chini, akafinya moja la juu, akaliweka karibu na sikio la Nyambura.

Mnunuzi alikuja kesho yake, mwanamume mkimya, akachukua konzi kutoka kila trei, akafunga kwenye mifuko ya karatasi, akaenda. Kisha tukangoja. Nilikuwa na kazi nyingine tatu mezani na sikufanya hata moja. Chepkoech alipita mlangoni kwangu mara kumi akijifanya anatafuta rula. Siku ya nne simu ililia tukiwa kwenye mkutano, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu kazini niliinuka mkubwa mmoja akiwa katikati ya sentensi.

"Injinia, uko?"

"Niko."

"Imepita."

"Ya juu au ya chini?"

"Zote. Amesema yetu iko na nguvu." Nyuma yake nilisikia vigelegele, na mtu akipiga sufuria. "Lakini kuna shida moja."

"Shida gani?"

"Nyambura anauliza kama unaweza kukuja kumsaidia kung'oa viazi."

Niliandika ripoti ya kazi ile kwa mkono wangu. Chini, mahali pa kuandika chanzo cha kasoro, niliandika: *Mbunifu hakuuliza.* Chepkoech ameihifadhi. Nasikia huwasomea nyinyi wapya siku ya kwanza, na mnacheka. Chekeni tu. Kikundi kile kilijengewa kikaushio cha pili, halafu vikundi vya jirani vikataka, na sasa viko vingi huko juu, vyote na gurudumu pana. Mzee Athumani hakuviona vyote. Tulimzika huku karakana ikiwa imefungwa siku nzima, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika kwa mtu yeyote, hata kwa mwenye kampuni.

Mwaka jana, nikiwa nimeshastaafu, nilipita Molo kumsalimia mtu. Niliona kibanda kinatoa moshi mwembamba mweupe, nikaacha gari nikasogea. Ndani kulikuwa na msichana wa miaka kama ishirini na mitano, kitambaa kichwani, anazipanga trei. Kikaushio hicho sikukijua. Kilikuwa kimejengwa na mafundi wa huko huko. Nilichungulia feni.

"Sasa, mathe," akasema. "Unatafuta nani?"

"Natazama tu. Mbona feni yenyewe ni pana hivi?"

Aliacha trei. Alikuja akasimama karibu nami, mikono kiunoni, kwa subira ya mtu aliyezoea kuelimisha wageni. "Huku juu hewa ni nyepesi, mathe. Ukileta feni ya kawaida, chini itaungua na juu itaoza. Watu wa mjini hawajuangi."

"Kumbe!" nikasema. "Na wewe nani alikufundisha?"

Alifikiri kidogo, kwa dhati kabisa, kisha akainua mabega.

"Hakuna mtu. Hiyo hujulikana tu." Akainama, akaingiza kipande kimoja cha kuni, kimoja tu, akafunga mlango wa jiko. "Lakini sogea kidogo, mathe, unanizuilia hewa."

Nikasogea.